Bibi Kaki na Vitabu Vilivyovalishwa Sare

Wanafunzi walimwita Bibi Kaki, na hawakumwonea. Hakuna kitabu kilichoingia katika maktaba ya shule ile kikabaki na sura yake ya kuzaliwa. Kilipita kwanza mezani kwa mkutubi huyo, penye mkasi, rula na kopo la gundi, kikatoka kimevaa karatasi ya kaki, kona zimekunjwa kama shuka la hospitali, na jina lake limeandikwa mgongoni kwa mwandiko mdogo ulionyooka. Ukisimama mlangoni uliona rafu toka ukuta hadi ukuta, zote rangi moja, kama askari kwenye gwaride.

Ustadi huo aliutoa kwa baba yake. Kila shule zilipofunguliwa, mzee yule alikaa sakafuni akavalisha vitabu vya wanawe kimoja kimoja, na ole wake atakayekigusa kabla hajanawa mikono. Bibi Kaki alikua akijua hivyo ndivyo kitabu kinavyopendwa.

Muhula ule alipata alichokuwa akikililia kwa muda mrefu: nusu saa ya kusoma. Kila siku baada ya mapumziko ya asubuhi, kidato cha tatu waingie maktaba, kila mmoja achague kitabu akitakacho, asome. Hakuna mtihani, hakuna muhtasari, hakuna maswali. Kikimchosha, akirudishe achukue kingine. Mwalimu mkuu, mtu wa hisabati tangu ujana wake, alikubali shingo upande.

"Mama, nakupa muhula huu tu," alimwambia. "Nikija nikakuta wamelala, nusu saa yangu inarudi kwenye hisabati. Chumba nakifanya stoo ya madawati, na wewe utahamia ofisini kupiga chapa."

Nyumbani, mumewe, fundi wa redio, alicheka mpaka bisibisi ikamdondoka. "Kupiga chapa? Wewe? Wiki ya kwanza tu mashine nayo itakuwa imeshavaa kaki."

"Cheka, baba. Cheka. Mimi nafukuzwa chumbani kwangu."

Hakulala vizuri, maana aliyajua yanayoendelea mle maktaba. Vijana walichagua, ndiyo. Walichagua kwa unene. Walioingia kwanza walikimbilia vitabu vyembamba, wakavifungua ukurasa wowote, wakakodolea macho dirisha. Waliochelewa waliangukiwa na vinene, wakavifanya mito. Walimu katika chumba chao walikuwa na jibu tayari: kizazi hiki ni cha simu, hakisomi. Jibu rahisi hilo! Tunamwekea kijana chakula ndani ya sufuria iliyofunikwa, hatumwambii ni nini, kisha tunashangaa hana hamu. Bibi Kaki naye aliwalaumu vijana kama wenzake. Aliwapa uhuru wa kuchagua, basi amebakiza nini?

Mlalaji mkubwa alikuwa msichana mmoja mrefu aliyeitwa Kipaza, kwa sababu hata akinong'ona alisikika darasa la jirani. Kila siku alichukua kitabu kilekile kinene, akakilaza mezani, naye akalala juu yake.

Siku moja Kipaza aliamka shavu limegandana na kava. Udenda ulikuwa umelainisha karatasi, na alipoinua kichwa, kipande kikubwa cha kaki kikaja nacho.

"Mwenzenu ameota ndevu!" mtu akasema, na darasa zima likaangua kicheko.

Kipaza alikuwa akitazama kitabu. Pale karatasi ilipobanduka palionekana mwanamke mwenye shela la harusi, koleo mkononi, amezama kiunoni ndani ya shimo.

"Jamani," alisema, na kwa sauti yake ile majirani wote walisikia. "Huyu bibi harusi anachimba nini?"

Waliokuwa karibu wakasogea. "Anamzika bwana harusi," mmoja akasema. "Aa, anamfukua," akasema mwingine. Kipaza akachana karatasi iliyobaki, akageuza nyuma kusoma yaliyoandikwa, kisha akafungua ukurasa wa kwanza.

Bibi Kaki alifika na kopo la gundi, uso umemwiva. "Lete hapa! Umekivua nguo kitabu cha watu! Lete nikirudishie kava."

"Bibi, shikamoo, samahani, lakini ningoje," Kipaza alisema bila kuinua macho. "Hajafika chini."

Mkutubi alisimama na gundi yake. Akatazama vichwa vilivyobanana juu ya kitabu kimoja, kisha akazitazama rafu. Hata yeye, akiwa pale aliposimama, asingeweza kukitofautisha kitabu cha mapenzi na cha mifupa bila kwenda kuinama kwenye mgongo wake. Aliwaambia wachague. Wachague nini?

Kesho yake kidato cha tatu kilimkuta amesimama juu ya kiti, mkasi mkononi, anachana. Kava la kwanza alilichana polepole. Lilikuwa na kona alizozikunja vizuri kuliko zote.

"Bibi, uko salama?" Kipaza akauliza.

"Niko salama. Acheni maswali, nisaidieni. Taratibu lakini! Msichane na vilivyomo."

Rangi zikaanza kutoka: golikipa analia, duka linaungua, mzee kapanda punda kinyumenyume. Kila kava lililobanduka lilipokewa na "lete nione" na "mimi nimekiona kwanza". Sakafu ikajaa kaki hadi vifundoni, na hapohapo mwalimu mkuu akaingia.

"Nani amefanya uharibifu huu?"

"Mimi, mwalimu."

"Mama, umepagawa? Kazi yako ya miaka yote hii!"

"Nilikuwa navificha, mwalimu. Niliwaambia wachague huku nimewafumba macho."

Mwalimu mkuu alifungua kinywa, lakini pembeni vijana wawili walikuwa wakivutana juu ya golikipa.

"Mnagombea nini nyie?"

"Mwalimu, huyu kanikatisha katikati, na penalti haijapigwa!"

"Mwongo, alikilaza mezani! Alikiacha!"

Alikuja kukamata waliolala, akajikuta hakimu. Alikuna kidevu. "Aliyeanza amalize. Mwenzake achukue kesho. Na atakayemsimulia mwenzake mwisho wake, nitamwona ofisini." Akamgeukia mkutubi. "Madawati nitayatafutia pengine. Haya makaratasi yaokotwe."

Akatoka akiyapiga teke kidogo kidogo, kama mtu anayevuka tope.

Kengele ilipolia na wengine kuondoka, Kipaza alibaki mbele ya meza na bibi harusi wake kifuani.

"Bibi, naweza kwenda nacho nyumbani?"

"Nenda nacho."

"Basi nivalishie kava kwanza. Nina wadogo zangu, mikono yao mafuta matupu. Hiki sitaki kichafuke."

Bibi Kaki aliinama, akachagua sakafuni karatasi isiyochanika, akavuta kopo la gundi.

"Kamata hapa," alisema. "Kona tunaanza hivi."