Kafa Kweli, au Anavuta Pumzi?

Plastiki ya kaseti ikipigwa na jua la Ibra, huku Omani, ina harufu yake peke yake, baina ya mpira unaoungua na asali. Juzi nilikuwa nasafisha kabati (msinicheke, mtu wa kukaa nyumbani kama mimi safari yake ndefu ni kutoka jikoni mpaka kabatini), harufu ile ikanipiga pua, na kabla sijajua inatoka wapi, malaika yamenisimama mikono yote miwili. Maana mimi, jamaa zangu, nimekulia katika nyumba iliyokuwa na maiti ndani ya redio.

Ngojeni nieleze vizuri. Bibi yangu mzaa baba, Bi Zuwena, mzaliwa wa Unguja mjini, ndiye aliyekuwa mkubwa wa jumuiya ya wapenzi wa opera hapo Ibra, miaka ya tisini, wakati wanawake wenziwe wana jumuiya za kushona kofia. Opera, kwa asiyeijua, ni mchezo wa kuigiza ambao watu hawasemi, wanaimba tu, hata wakitaka maji ya kunywa. Bibi aliipendea huko Italia. Babu alikuwa akienda huko kutibiwa moyo, na majira mawili ya joto wenyeji wao waliwachukua kwenye tamasha la opera, uwanjani, baina ya kuta kongwe za mawe, na mbingu ndiyo dari. Mara ya pili Bibi alitia rikoda ndogo mkobani, akaurikodi usiku mzima. Wakarudi, na Babu hakuwahi kuiona Ramadhani ya mwaka ule. Mimi nilikuwa bado nabebwa. Simkumbuki.

Eda ilipokwisha, Bibi akaanzisha jumuiya. Kila Alkhamisi baada ya laasiri wanawake walijaa ukumbini petu. Jirani mmoja aliposikia kwamba Bi Zuwena ana opera kila wiki, alikuja na supu ya kuku, kadhani ni operesheni, akashangaa kumwona mgonjwa mwenyewe anamfungulia mlango kapaka wanja. Akaingia, akasikiliza, akawa mwanachama. Supu nayo ikawa ada.

Mkali wao alikuwa Bi Shemsa, shoga yake Bibi tangu utotoni, aliyekuwa akiletwa na mwanawe kutoka Al Qabil, na akiingia hasalimu mpaka kwanza ailaani njia. Mimi nilikuwa nakaa mapajani mwa Bibi. Bibi husimulia kisa kwa Kiswahili, nani kampenda nani na nani kamtilia nani sumu, kisha huitia redioni kaseti yake ya Italia, akabonyeza.

"Huyu analilia nini?" Bi Shemsa huuliza, kila Alkhamisi, na jawabu analijua.

"Kachomwa kisu."

"Na anaimba?"

"Ndiyo kufa kwao."

"Subhanallah! Sisi tunakufa ovyo ovyo."

Basi yule mwanamke wa kisu huimba, akapanda, akapanda, mpaka supu ikapoa, halafu kimya. Uwanja mzima umezuia pumzi, bado hawajapiga makofi. Na katika kimya kile, karibu kabisa, kama aliyekaa nasi mkekani, hutoka sauti ya mwanamme, kavu, yenye mkwaruzo, kwa Kiswahili chetu hiki hiki: "Kafa kweli huyu, au anavuta pumzi?"

Wanawake huangua vicheko. Na Bibi huinuka, polepole, akaenda kuweka kikuba cha maua ya asumini juu ya redio.

Waliozoea taarabu wanajua: mtu huinuka kutunza, kumpa mwimbaji zawadi, pale maneno yanapomgusa. Wale wanawake wote walikuwa watu wa taarabu, basi walipomwona Bibi anatunza pasipoimbwa kitu, wakachukulia ndiyo kanuni ya Wataliani. Kila mwanachama mgeni alifundishwa: "Opera haitunzwi ikiimba, shoga. Hutunzwa ikinyamaza." Naamini wako vikongwe Ibra leo watakuapieni kwa hilo.

Mimi nilimuuliza Bibi, "Nani yumo mle?" Akanijibu, "Babu yako," kwa upole, akidhani kaniliwaza. Lakini kaburi la Babu nilishaonyeshwa, siku ya Iddi. Kwa akili zangu za mtoto wa chuo cha Kurani nikapiga hesabu: pale kaburini hayupo, yumo redioni, na anavuta pumzi. Mchana watu wakilala, umeme ukikatika na kiyoyozi kikinyamaza, nilikuwa naisikia ile pumzi. Nikitaka maji nilizunguka uani, juani, miguu mitupu, nisipite mbele ya redio.

Kanda, lakini, haihimili mapenzi. Mwaka hata mwaka sauti ya Babu ilididimia. Kwanza kama mtu asemaye ndani ya blangeti, kisha kama asemaye chini ya mchanga. Bibi alikuwa akisogeza sikio mpaka herini inagonga redio. Hata mimi niliona: alikuwa anafiwa mara ya pili, na safari hii kidogo kidogo.

Bi Shemsa akaja na kaseti mpya kutoka Maskati, kisa kile kile. "Hii safi, shoga, haina vikohozi." Zawadi hairudishwi mbele ya watu. Bibi akaitia. Mwanamke wa kisu akafa vizuri kuliko siku zote, kikaja kimya, kimya kilichooshwa kama sahani. Bibi alikuwa keshainuka, kwa mazoea, kikuba mkononi. Akasimama hapo. Hakuna aliyecheka. Na kinywani mwangu, wallahi sijui kwa amri ya nani, yakatoka: "Kafa kweli huyu, au anavuta pumzi?" Na mkwaruzo wake juu. Nimeyasikia tangu sijaacha ziwa, yangenishinda?

Wanawake walicheka mpaka Bi Shemsa akajifuta machozi kwa kanga. Bibi akaniwekea mimi kile kikuba mapajani.

Tangu siku ile maiti nikawa mimi. Ndiyo kazi pekee niliyopata kupewa bila ya kuulizwa shahada. Nilijivuna, na niliogopa pia, maana kila Alkhamisi maneno yalikuwa kama yananitangulia, mimi nafungua mdomo tu.

Mpaka Alkhamisi moja, nimeshaanza kuota vinyweleo vya mdomo, kimya kikaja, nikafungua mdomo, na akatoka Babu. Sikuiga. Sauti ilikuwa imenivunjika wiki ile ile, na iliyokuja badala yake ilikuwa yake yeye, kavu, na ukaribu wake. Hakucheka mtu. Bi Shemsa akaivuta kanga kichwani, kama ajifunikavyo mtu akiingiliwa na mwanamme mgeni.

"Zuwena," alisema taratibu, "huyu keshabaleghe. Hawezi tena kukaa na sisi."

"Najua."

"Basi atoke."

"Atatoka." Bibi alikuwa ananitazama mdomo, si macho. "Sema tena, mwanangu. Mara moja, khalas, uende zako."

Nikasema. Na Bibi akacheka. Hapo ndipo nilipotambua kwamba sijapata kumwona akiyacheka maneno yale. Yeye kazi yake ilikuwa kuinuka. Alicheka kwa sauti ya msichana, kichwa nyuma, na nilipoufunga mlango nyuma yangu alikuwa bado anacheka, peke yake.

Nilikasirika, mnajua mtu anavyojiona mkubwa umri ule. Nilidhani kaicheka sauti yangu, na muda mrefu sikuwa nasema mbele za watu ila kwa kulazimishwa. Jumuiya iliendelea na kaseti safi. Bibi hakuinuka tena.

Tulipomzika, Bi Shemsa aliniita pembeni kunipa pole, akanipa na hili, alilohadithiwa na Bibi mwenyewe. Usiku ule wa tamasha, Babu aliposema mzaha wake, watu wa mbele waligeuka. Bibi akaona haya, akamfinya paja, na makofi yakivuma akamnong'oneza, "Nyamaza, unatufedhehi." Wakarudi hotelini hawasemezani, na asubuhi yake hakuna aliyelitaja.

Nimekaa na maneno hayo. Zamani nikidhani Bibi aliwakusanya wale wanawake wapende opera. Alikuwa anamtafutia Babu watu wa kumcheka. Maana uwanja mzima ule, na umati wote ule, aliyekijua Kiswahili chake alikuwa mmoja tu, naye hakucheka.