Mtawa Aliyebaki Nje ya Shata

Kabla hujacheka, shika mkono wangu huu wa kulia. Uchome sindano ukitaka. Sisikii kitu, na daktari wa Ngara amechoka kunipima. Haya yalinipata mchana kweupe, River Road, Nairobi, na sikuwa nimeonja chochote zaidi ya chai.

Mimi hupanga kurasa katika duka la kuchapisha. Wiki hiyo nilikuwa na kitabu cha padri mmoja mzee kutoka Ireland, anayeishi Kileleshwa. Alikuwa ameandika kwa Kiswahili historia ya monasteri ya kwao. Zamani hizo ilianza na mtawa mmoja kwenye kibanda cha mawe kando ya ziwa. Baadaye pakawa na kanisa, shule, na watawa walionakili Injili juu ya ngozi za ndama. Kisha wakaja wavamizi kwa mashua, wakichoma na kuteka watu. Watawa wakajenga mnara wa mawe, mlango wake huko juu, haufikiwi bila ngazi. Hatari ikionekana, mpiga kengele aliwaita wote, wakapanda, ngazi ikavutwa. Padri aliandika kwamba siku moja ngazi ilivutwa kabla mpiga kengele mwenyewe hajafika, akaishia ziwani. Nilisoma nikasema maskini, nikaendelea na kazi.

Basi siku hiyo kukawa na maandamano mjini. Unatujua sisi wa River Road. Mlio wa kwanza wa bunduki tu, shata zote, milango yetu ya bati, zinashuka, na ikishashuka haipandi mpaka barabara inyamaze. Hata anayegonga akiwa mamako. Nani anajua nyuma yake kuna nani? Mzee Kioko, mwenye duka, akateremsha yetu na kutia kufuli. Ndipo nikauliza, kwani Mueni yuko wapi?

Mueni ndiye msichana wetu wa kushona vitabu. Ana pumu. Alikuwa ametoka kutuletea chapati, na dawa yake ya kuvuta ilikuwa imebaki mezani. Nikamsihi mzee. Akasema Mueni si mtoto, lazima ameingia mahali. Gesi ya machozi ya polisi ikaanza kupenya chini ya mlango. Nilikaa sakafuni nikitazama ile dawa. Sikulia. Nilikuwa kama redio iliyozimwa.

Kisha tukasikia kengele ndogo ya mkono, sauti yake mbovu. Halafu mtu akagonga, polepole, wala si kama mtu anayekimbizwa. Nikalala kifudifudi, nikachungulia penye upenyo. Nikaona miguu mitupu yenye matope na pindo la kanzu nzito ya sufu, vyote vinadondosha maji. Nairobi ilikuwa kavu, niamini.

“Teremsheni ngazi,” sauti ikasema. “Tuko wawili.”

Usiniulize aliongea lugha gani. Nilimwelewa, na nilijua ni nani. Vidole vikapita chini ya bati, nikavishika kwa mkono huu wa kulia. Baridi ile sijawahi kuikuta, hata mochari nilipoenda kumtambua baba.

“Mzee, leta ufunguo,” nikasema, “ama nipige nduru mpaka wenye fujo wote wakuje hapa.”

Akaleta. Alikuwa ameisikia kengele pia.

Tukainua shata hadi kiunoni. Mueni alikuwa amelala kizingitini, midomo imegeuka rangi. Nikamvuta kwa makwapa, na huko nje mtu akamsukuma miguu. Nikainama nikamwona. Alikuwa amenyolewa mbele, sikio hadi sikio, nyuma nywele ndefu. Alisimama tu. Kwetu Bungoma mgeni hakanyagi mlango kabla hajaambiwa karibu, na nafikiri hata kwao ni hivyo. Nikafungua mdomo nimwambie. Mzee Kioko akaachilia shata.

Hakugonga tena. Nilipochungulia kulikuwa na maji tu.

Mueni alivuta dawa, pumzi ikarudi. Alisema mzungu mmoja aliyelowa alimbeba kutoka ng'ambo ya barabara, akipiga kengele njia nzima, na watu walimpisha bila kumtazama.

Jumamosi tulienda naye Kileleshwa kumweleza padri. Alisikiliza, kisha akauliza nywele za huyo mtu zilikuwaje. Nikamwonyesha kwa mkono wa kushoto, sikio hadi sikio. Akaketi. Akasema watawa wa enzi zile kwao walinyoa hivyo, na kwenye kitabu hakuliandika hilo popote.

“Aliingia?” akauliza.

Nikamwambia tulifunga.

“Mkamfungia tena,” akasema.

Mueni bado anashona vitabu, anacheka na wateja. Mimi mkono ndio huu. Shata ikishuka popote mtaani, naisikia ile kengele. Siogopi, wala sihuzuniki. Nakaa tu mpaka inyamaze.

Kwa hivyo wewe mwenye duka, siku ya fujo tazama nje kwanza kabla ya kuteremsha. Na ukiletewa mtu wako mlangoni akiwa hai, usimvute yeye peke yake. Aliyemleta naye mwambie karibu.