Nyumba Isiyo na Mlango

Kila nikimenya yai la kuchemsha pale stendi ya Mikumi, harufu yake hunirudisha kwenye kijiji kipya cha ujamaa, ambako mlangoni kwetu palining'inia gunia.

Jioni moja tulikuwa tunapukuchua mahindi. Bibi akasema, "Kitendawili."

"Tega."

"Nyumba yangu haina mlango."

Wote tulijua ni yai. Mimi nikajibu, "Si hii yetu, bibi?"

Baba, aliyenuna tangu tuhamishwe, akacheka hadi ungo ukamponyoka.

"Umekosa. Nipe mji," bibi akadai, kama ilivyo ada. Nikampa kijiji tulichohama.

Akafumba macho. "Nimekwenda, nimefika. Nimefungua mlango wangu, nimemkuta kuku ameatamia. Jibu ni yai."

Baba akaacha kuokota mahindi. "Mayai mangapi, mama?"