Kidevu Kilichotangulia Msibani

Kabla ya msiba wa kaka yangu, ukoo wetu wa Ifakara ulikuwa na alama isiyobishaniwa. Mfupa wa taya la chini kwetu ni mrefu kuliko wa juu; kwa hiyo kidevu hujitokeza, na meno ya mbele ya chini husimama mbele ya yale ya juu bila kugusana nayo. Ndiyo maana muwa tunaung'ata kwa meno ya pembeni. Kaka aliacha mjane asiye na mtoto, na shamba la mpunga kijijini Michenga lililomlisha mjane huyo.

Siku ya kumaliza msiba akaja mwanamume wa makamo kutoka Mchombe, akajitambulisha kuwa mwana wa marehemu aliyezaliwa nje ya ndoa, akadai kwamba shamba ni lake. Hatujajibu, mtani wetu, mama wa Kingoni, akapaza sauti kutoka jikoni:

"Pisheni njia! Kidevu kimeshaingia, mwenyewe bado yuko Mchombe!"

Watu walicheka. Shangazi alilia, akikiona kidevu cha marehemu kwa mgeni. Kwetu mtani huruhusiwa kusema msibani yale ambayo ndugu hawathubutu, na wazee huyapokea maneno yake karibu kama ushahidi. Kufikia jioni shamba lilikuwa limekwisha kuitwa la mgeni. Shemeji, yule mjane, alikunja na kukunjua upindo wa khanga.

Mimi sikuridhika. Kesho yake nilimpa mgeni kipande cha muwa, nikaketi mkabala naye. Aliung'ata kwa meno ya mbele, na ya juu yaliyafunika ya chini karibu yote.

"Baba mdogo, mbona unanikagua kama ng'ombe wa mnadani?"

"Kula, mwanangu. Pembeni huwezi?"

"Pembeni hamna kitu. Magego yameng'olewa yote."

Shangazi alinigeukia. "Wewe na kusoma kwako! Kidevu hukioni?"

"Kidevu nakiona, shangazi. Meno ndiyo siyaoni mahali pake."

Nilijitolea kumpeleka mgeni kwa tabibu wa meno mjini. Alikubali, kwa kuwa alitamani meno ya bandia. Tabibu alimwambia shangazi, aliyeandamana nasi, kwamba magego ndiyo nguzo za kinywa: yakitoka, taya la chini hupanda kupita kiasi linapofungwa, na kidevu husogea mbele hata kama mfupa wake ni wa kawaida. Akaongeza kuwa mtoto aweza kuchukua taya la mama yake. "Kwa uso huu siwezi kusema ni wenu, wala kwamba si wenu."

Meno yalipowekwa, kidevu kilirudi nyuma.

"Kumbe kilikuwa cha kuazima!" akasema mtani.

Safari hii wazee hawakutegemea kauli yake. Walituma watu Mchombe kwa mama wa mgeni, naye akajibu kwamba kaka alipopanga chumba kwake, ndipo walipofahamiana, mtoto huyo alikuwa tayari anatembea. Shamba la Michenga lilibaki kwa shemeji.