Ugonjwa Niliopewa na Tajiri

Sina kifafa. Sijawahi kuanguka, utotoni wala ukubwani. Lakini ukienda kliniki ya Korogwe leo utakuta faili langu limekaa pamoja na ya wenye kifafa, na leseni yangu ya lori imezuiwa kwa sababu hiyo. Aliyenipa ugonjwa huu ni tajiri wangu, mwenye lori. Mke wangu aliushuhudia. Mimi niliupokea.

Nilikuwa nimebeba machungwa kutoka Kwaluguru. Breki za lori lile nilimlalamikia tajiri mara tatu, na mara zote tatu alinijibu, "Wewe dereva au fundi?" Siku hiyo, kwenye mteremko wa kuingia Korogwe, nikakanyaga breki, pedali ikazama kama nimekanyaga uji. Nikamgonga mtu wa bodaboda. Yeye alivunjika mguu, mimi mbavu.

Tajiri alifika wodini kabla ya askari. Alikuja na mfuko wa machungwa, yale yale ya kwenye lori, akavuta stuli.

"Sikiliza, bwana. Ukisema breki, watakuuliza kwa nini uliendesha gari bovu na unajua. Utafungwa wewe. Sema ulishikwa na kifafa. Ugonjwa ni wa Mungu, nani atamfunga mgonjwa?"

"Sina kifafa, tajiri."

"Nani kasema unacho? Sema tu." Akamgeukia mke wangu. "Mama, wewe hujawahi kumwona akianguka?"

Mke wangu alinitazama nilivyozungushiwa bandeji, akautazama mlango ambao askari angeingilia.

"Nimemwona," akasema. "Mara nyingi."

Na askari alipokuja akayarudia hayo hayo, yakaandikwa.

Sikufungwa. Leseni ndiyo walibaki nayo. Nikaambiwa nitaipata daktari akiandika kwamba nafaa, na daktari akasema hawezi kuandika mpaka nimeze dawa miaka miwili bila kuanguka. Basi kila mwezi nikawa natoka kwangu Handeni kwenda kliniki ya Korogwe kukaa benchi moja na watu wanaoumwa kweli, wengine na makovu ya kuangukia moto. Nikipewa vidonge, nikigongewa muhuri kwenye kadi, narudi nyumbani navitupa chooni. Tajiri alishapata dereva mwingine. Breki alitengeneza.

Habari ilifika kwetu kabla yangu. Kwetu kwenye shughuli watu watano sita mnazunguka sinia moja la pilau. Arusi ya kwanza niliyokwenda ilikuwa Kerenge, kwa shemeji. Nikanawa, nikasogea, nikaona nimetengewa sahani pembeni.

"Kula kwa nafasi, kaka, wewe mgonjwa."

Wapo wanaoamini kifafa kinaambukiza kwa mate. Mmoja pale kwenye sinia akatania, "Mwacheni, dereva wa lori hapakii abiria." Wakacheka. Nikala peke yangu. Walinijazia nyama, tena minofu mitupu. Nilijiambia, siku nitakayopita hapa nimeshika usukani wa lori, wote watajua nilikuwa mzima.

Miaka miwili ikatimia. Daktari ni kijana, mwenye adabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Akaigeuza kadi yangu, akafurahi. "Hongera, hujakosa hata mwezi mmoja. Nakuandikia gari dogo."

"Na lori?"

"Lori hapana, mzee. Mwenye historia ya kifafa siwezi kumwandikia lori, hata akipona."

Gari dogo mimi nalitoa wapi? Nikamwambia yote, breki, tajiri, mpaka yale machungwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua faili palipobandikwa maelezo ya polisi.

"Na mama hapa, aliyekuona mara nyingi ukianguka?"

Mke wangu alikuwa nje ya mlango, kwenye benchi. Nikisema alidanganya, nimempeleka yeye polisi.

"Wengi hapa huniambia hawaumwi," akasema kwa upole. "Vidonge ulikuwa unameza?"

"Nimeze dawa ya ugonjwa nisio nao?"

Kalamu ikasimama. Akaipiga mstari ile karatasi ya gari dogo, akachukua kadi mpya. "Basi miaka hii miwili haihesabiki, mzee. Tunaanza upya. Na safari hii nitapima damu, nione kama dawa imo."

Nje mke wangu akauliza, "Amekuandikia?"

Nikamwonyesha kadi mpya. Akaisoma.

"Ulimwambia?"

"Breki nilimwambia. Wewe sikukutaja."

Tukapanda basi kurudi Handeni. Jioni akaniletea maji, nikameza kidonge changu cha kwanza cha kifafa. Haikupita muda kichwa kikawa kizito, ulimi nao mzito. Nikainuka kwenda chooni, miguu ikapishana, nikashika ukuta. Jirani alikuwa uani kwake, anakoka moto. Nikamsikia anamwambia mkewe, "Unaona? Si nilikuambia."