Pikapu Isiyovunja Mayai

Mayai yakivunjika njiani, aliyekatwa mshahara ni Kageha. Barabara ya murram, changarawe tupu, kutoka Burnt Forest hadi stesheni ya reli ya Eldoret ilikuwa na vijituta kama ubao wa kufulia, lakini barabara haina mshahara wa kukatwa. Kageha ndiye aliyekuwa nao, kwa kuwa ndiye aliyeyapanga mayai masandukuni, kila yai akilivika maganda ya mahindi.

Alikuwa mjane. Mumewe, Murunga, alifia hapo kwenye shamba la mzungu waliyemwita Bwana, wakati wa masika, matope yakazuia kumpeleka kwao Maragoli, akazikwa nyuma ya mikalitusi. Kageha alikataa kurudi kwao. Nani angepalilia kaburi lile? Ng'ombe wa Bwana?

Elphas, dereva wa pikapu, alikuwa mdogo wake Kageha, tumbo moja. Kila aliporudi kutoka stesheni na habari za mayai yaliyopasuka, alishindwa kumtazama usoni.

"Shokamzoba zimekufa, Bwana," alimsumbua mzungu msimu mzima, akimwonyesha vyuma vya kuzuia mtikisiko chini ya gari. "Mafuta yake yote yamemwagika. Ndiyo maana gari inaruka."

Mwishowe Bwana akakubali. Za kiwanda kilichounda pikapu zilikuwa bado ziko melini, basi akanunua za kampuni nyingine, nene, kwenye duka la Mhindi mjini. Matundu yake yalikuwa mapana kuliko boliti. Elphas akakata mpira wa tairi kuukuu, akauviringisha humo mpaka zikakaza. Kageha akamletea uji huko chini ya gari.

"Toka ule, wewe. Ama umeoa huko?"

Alipomaliza, Elphas alilikandamiza gari kwa nguvu zote. Likashuka, likapanda mara moja tu, likatulia. Alifurahi jamani, akacheka peke yake.

Safari ya kwanza halikuvunjika hata yai moja. Ya pili vilevile. Bwana alikuwa bahili, lakini hakuwa mjinga. Siku moja aliamuru mayai yamwagiwe makapi tu sandukuni, bila Kageha kuyagusa. Yakafika mazima. Mwezi ulipokwisha akamwambia Kageha kwamba kazi yake imekwisha, na katika mashamba yale asiye na kazi hakuwa na kibanda. Shukrani ya punda ni mateke.

Elphas alikimbilia nyumba kubwa, kofia mkononi. "Nitazifungua, Bwana. Nirudishe zile za zamani."

Bwana alicheka, akadhani ni mzaha.

Majuto ni mjukuu, husemwa. Kwa Elphas hayakungoja hata kuzaliwa mtoto. Yeye ndiye aliyeagizwa kumpeleka dada yake stesheni, na mzigo wake, kwa pikapu ileile.

"Utampalilia shemeji yako?" Kageha aliuliza walipoipita mikalitusi.

"Nitampalilia, dada."

Zamani, ndani ya gari hilo, mtu alilazimika kupiga kelele ndipo asikike. Sasa lilikwenda taratibu juu ya vijituta, halitikisi kitu.

"Umezifunga vizuri," Kageha alisema.

"Nisamehe, dada."

"Nikusamehe nini? Ulitaka mayai yafike."

Kisha akageukia dirishani, akajifunika leso usoni. Alilia polepole, kwa staha, kama mtu asiyetaka kusikika. Lakini gari lilikuwa kimya, na Elphas alisikia kila kwikwi mpaka stesheni.