Kunazi Zilizochacha za Bi Zuwena

Kifuniko kilipoachia kilifanya sauti ndogo, kama mtu anayemeza mate, na povu likapanda hadi mdomoni mwa chupa. Emiliana alichovya kidole, akalamba, akafumba macho. Alikuwa Rashidiya, Dubai, katika chumba cha kufulia cha nyumba ya watu alikofanya kazi. Lakini ulimi wake ulikuwa Rombo, kwa mama yake, siku pipa la mbege, pombe ya ndizi, linapofunuliwa.

Akafungua chupa ya pili. Ya tatu. Harufu ile ile.

"Pombe," alinong'ona. "Mungu wangu, nimetengeneza pombe."

Nyumba ile ilikuwa na mkunazi uani, uliopandwa na marehemu Mzee Musallam mwaka alioijenga. Kila baridi ilipoanza kuondoka, mti ulijaa matunda madogo ya mviringo, ya rangi ya asali. Wajukuu waliyaita cheri za bibi. Bibi mwenyewe, Bi Zuwena, mjane wa Mzee Musallam, alizaliwa Unguja, na Kiswahili chake hakikuchuja kwa miaka yote ya Dubai. Yeye ndiye aliyekaa kitini chini ya mti akichagua: ngumu ngumu za kuweka chupani, laini za kuliwa siku hiyo hiyo. Zioshwe, zikaushwe kwa kitambaa, ndipo sukari na ndimu, kisha frijini. Emiliana alikuwa mikono tu.

Lakini mwaka huo, 2014, Bi Zuwena alilazwa hospitali kwa ajili ya goti, na mavuno yote yakamwangukia Emiliana. Akachagua kwa akili ya kwao. Kwao ndizi ikilainika hadi ganda likawa jeusi, hapo ndipo utamu umekamilika, na hakuna anayeitupa. Basi alitafuta kunazi laini kuliko zote, akazishindilia chupani kwa mapenzi, bado zina maji ya kuoshea. Friji ilikuwa imejaa vyakula vya wageni, akazipanga kando ya mashine ya kukaushia nguo, penye vuguvugu mchana kutwa.

Na sasa Bi Zuwena alikuwa njiani kurudi. Madam, mkwe wake, alishapiga simu: mama anataka cheri zake kwanza, kabla hata ya chai.

"Nini kinanuka huku?" Joha, mpishi, mtu wa Makunduchi, alichungulia mlangoni. Akavuta pumzi, akaziba pua kwa ncha ya mtandio. "We Mchaga! Umetugeuzia nyumba kilabu?"

"Dada Joha, usinicheke. Nisaidie kumwaga."

"Mkono wangu hauingii humo. Halafu ukishamwaga useme nini? Mti mzima wa kunazi umekwenda wapi? Watasema umeziuza sokoni Naif."

"Nikiziacha watasema natengeneza pombe ndani ya nyumba ya Waislamu."

"Basi ndo hapo."

Emiliana aliliona jambo lote mbele yake, limenyooka kama barabara: kafeel, mdhamini wake, anaitwa, polisi wanakuja, kisha ndege. Huko Rombo binti yake, Edna, alikuwa amevaa sare mpya ya sekondari muhula ule ule.

Akabeba chupa moja hadi jikoni, akaimimina sufuriani, akawasha jiko. Iliki. Mdalasini. Sukari nyingine. Ikichemka vizuri harufu itakufa, nani atajua?

Joha hakumzuia. Alisimama tu akikuna kiwiko. "Yule mama anaswali, Emi," alisema taratibu. "Hajakosa hata akiwa kitandani hospitali."

Emiliana aliitazama sufuria ikianza kutoa viputo pembeni. Kisha akazima jiko.

Geti likalia.

Bi Zuwena aliingia kwa fimbo, hatua fupi fupi, mkwewe akimshika kiwiko. Hakukaa. "Wapi kunazi zangu, mwanangu? Nimekula uji wa hospitali mpaka nimechoka na dunia."

Emiliana alileta chupa moja, lakini hakuiweka mezani. Aliishika kwa mikono miwili kifuani.

"Bibi, usile. Zimechacha. Zimekuwa pombe."

Fimbo ilitua sakafuni. Madam, asiyejua Kiswahili, aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akauliza kwa Kiarabu kuna nini.

"Umefanya kusudi?"

"Hapana, Bibi. Nilichagua laini. Nilidhani ndizo tamu."

"Laini!" Sauti ya bibi ilipanda. "Miaka yote hiyo nakwambia ngumu, ngumu! Masikio ulikuwa umeyaazimisha?" Akaivuta chupa, akanusa, akaisukuma mbali. "Nnakuuliza, na unijibu kama unavyomjibu Mungu wako. Umeonja?"

Joha, mlangoni, alitikisa kichwa kidogo: kataa.

"Nimeonja, Bibi. Kidole kimoja. Ndivyo nilivyojua."

Madam aliuliza tena, safari hii kwa ukali, huku simu yake ikiwa mkononi tayari. Bi Zuwena alimtazama Emiliana kwa muda, kama anavyotazama tunda kabla ya kuamua liende upande gani. Kisha akageuka kwa mkwewe.

"Kharban," alisema. Zimeharibika. "Khalas." Basi, yamekwisha.

Madam alikunja uso, akasema jambo juu ya sukari iliyopotea bure, akaenda zake juu.

"Toa zote," Bi Zuwena alimwambia Emiliana. "Umwage mwenyewe, nikuone."

Emiliana alibeba chupa hadi uani, akainama chini ya mkunazi kumimina kwenye udongo.

"Siyo hapo!" Fimbo ilipiga sakafu ya baraza. "Una wazimu wewe? Majani ya mti huo ndiyo yatakayonikosha siku nikifa. Unataka nikamkabili Mola wangu nanuka mbege?"

Joha alicheka kwanza, akajiziba mdomo. Emiliana hakuthubutu. Alibeba chupa zote hadi kwenye mfereji wa nyuma, akazimwaga moja moja, maji yakifunguliwa, na kila alipoinua kichwa bibi alikuwa bado amesimama pale kwa goti lake bovu, akihesabu hasara yake kwa macho.